Ukifunga Bao, Mkumbuke Aliyefungwa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo, nalo ni namna watoto wetu wanavyoshangilia wanapofunga bao.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisimamia timu ya watoto wa kanisa letu. Jumamosi moja tulicheza na watoto wa kanisa jirani katika uwanja wa shule. Golikipa wao alikuwa mvulana wa miaka 12 hivi. Mpira mwepesi ulimponyoka mikononi, ukapita kati ya miguu yake, ukaingia golini. Watoto wetu hawakumkimbilia mwenzao aliyeupiga. Walimkimbilia yule golikipa, wakamzunguka wakicheza, na mmoja akaigiza alivyoanguka. Sisi watu wazima tuliokuwa kivulini tulicheka. Mimi pia nilicheka. Mvulana yule alivua fulana aliyoazimwa, akaiweka chini karibu na mlingoti, akaenda zake kabla ya filimbi ya mwisho.

Siku chache baadaye nilikutana na mama yake sokoni. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto wangu hakulia kwa sababu ya bao. Alilia kwa kuwa alikuona wewe ukicheka."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo yalinichoma moyo. Nikajiuliza, je, ni vibaya kushangilia bao?

La, si vibaya. Furaha ni zawadi ya Mungu, na mtoto aliyefanya mazoezi juma zima ana haki ya kuruka na kupiga vigelegele. Wengi tunamkumbuka Roger Milla wa Kamerun katika Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alipofunga alikimbia hadi kwenye kibendera cha kona, akacheza dansi hapo. Dunia nzima ilitabasamu pamoja naye, kwa maana hakumdhihaki mtu yeyote.

Hata sheria za kandanda zinaruhusu jambo hili. Sheria ya 12 husema kwamba wachezaji wanaweza kushangilia bao, lakini wasipite kiasi wala wasipoteze wakati bure. Mchezaji akivua fulana yake, au akipanda ua wa uwanja, au akiwachokoza na kuwadhihaki wengine, refa humwonyesha kadi ya manjano. Tena humwonyesha hata kama bao lenyewe limekataliwa! Sababu yake ni rahisi kuelewa. Dhihaka huzaa hasira, na hasira huzaa rafu. Watazamaji nao wakiwashwa moto, mchezo hugeuka vita.

Lakini yako mambo ambayo hayana kadi. Mwezi wa Juni mwaka 2019, katika Kombe la Dunia la wanawake kule Ufaransa, timu ya Marekani iliifunga Thailand mabao 13 kwa 0. Hata mabao ya mwisho yalishangiliwa kwa nguvu, na watu wengi wakanung'unika. Wengine waliwatetea wakisema kwamba katika mashindano kama hayo hesabu ya mabao ina maana, na kwamba kuacha kucheza kwa bidii ni kumdharau mpinzani. Mimi naona neno hilo lina ukweli. Cheza kwa nguvu zako zote mpaka mwisho. Hata hivyo, kufunga ni jambo moja, na kushangilia ni jambo lingine. Bao la kwanza na bao la kumi na tatu hayahitaji kelele zilezile, hasa mbele ya watoto ambao tayari wamevunjika moyo.

Kitabu cha Mithali, sura ya 24, chatuonya tusichekelee anguko la mtu, hata akiwa adui. Naye Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 12, atufundisha kushiriki furaha ya wenzetu na machozi yao pia. Uwanjani hao wawili husimama katika nyasi zilezile: mmoja anaruka, na mwingine anaokota mpira wavuni.

Basi tuwafundisheje watoto? Kwanza, mwambie mfungaji amkimbilie yule aliyempa pasi. Furaha ikielekea kwa wenzake haitamjeruhi mtu. Pili, wakiisha kushangilia, warudi upesi upande wao. Tatu, filimbi ya mwisho ikilia, waende kuwapa mkono wapinzani wote, wakianza na golikipa. Na sisi wazazi na walimu tulio nje ya mstari, tuchunge vinywa vyetu. Mtoto hutazama kwanza uso wa mtu mzima ndipo ajue kama alilotenda ni jema. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwamba hata kushinda kuna adabu yake.

Huenda mnataka kujua habari za yule mvulana. Niliwachukua watoto wetu, tukaenda nyumbani kwao jioni moja. Nilitangulia mimi kuomba msamaha, kwa kuwa kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lao. Kisha yule aliyemwigiza akaomba msamaha. Mvulana alitusikiliza kimya, akitazama chini. Mwishowe akauliza, "Mpira mmekuja nao?" Walikuwa nao. Walicheza nyuma ya nyumba mpaka giza likaingia.

Ee Mungu Baba, tufundishe kufurahi pasipo kumwumiza jirani, na utupe moyo wa kumwinua aliyeanguka. Amina.