Anayerusha Setilaiti Aweke Dhamana Kwanza

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzani wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ilitoka kwenye roketi. Hakuna aliyeumia, na kama mtu angeumia, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitwika nchi iliyorusha chombo fidia ya madhara ya ardhini bila kuuliza kosa ni la nani. Hatari kubwa zaidi imebaki huko juu, ambako mkataba huohuo unamtaka aliyepata hasara athibitishe uzembe wa mwenzake. Shirika la Anga za Juu la Ulaya linakadiria kuwa vipande vya mabaki angani vinavyozidi sentimita moja vimepita milioni. Kipande cha namna hiyo, kikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kinaweza kuiua setilaiti, na mwenye setilaiti asijue amdai nani.

Wapo wanaopendekeza bima ya lazima, kama ile ya mtu wa tatu inayotakiwa kwa kila lori linaloteremka Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret. Ufaransa na Uingereza tayari huwadai warushaji wao bima. Ni hatua njema, ila haitoshi. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo Sachangwan na moto ukaua zaidi ya watu 100. Hakuna fidia iliyoweza kuwarudisha. Siku kumi baadaye setilaiti ya Marekani, Iridium 33, iligongana angani na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokuwa imekwisha kufa, zikaacha vipande zaidi ya 2,000 vinavyoonekana kwa rada. Barabarani mabaki ya ajali huondolewa, magari yakapita. Angani yanabaki, na kila kipande kinaweza kuzua ajali nyingine.

Kwa hiyo fedha zitangulie ajali. Anayerusha aweke dhamana kulingana na uzito wa chombo na miaka kitakayokaa juu. Akikishusha arudishiwe, akikitelekeza zilipwe kwa atakayekiondoa. Wazo hili si geni Kenya: Sheria ya Mazingira ya 1999 iliweka dhamana ya aina hiyo kwa shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Faini pekee haziumi. Mwaka 2023 Marekani iliitoza kampuni ya Dish dola 150,000 kwa kutoiondoa ipasavyo setilaiti yake, ilhali mwaka 2020 Ulaya ilikubali kulipa yuro milioni 86 ili kampuni ya ClearSpace iondoe kifaa kimoja tu.

Itasemwa kwamba dhamana itazifungia mlango nchi changa. Sivyo, ikiwa inapimwa kwa hatari. Taifa-1, setilaiti ya Kenya tuliyoirusha Aprili 2023, ilikuwa ndogo ya kubebeka mkononi na iliwekwa chini kiasi kwamba hewa nyembamba ya huko ingeivuta irudi yenyewe. Dhamana yake ingekuwa ndogo mno. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kampuni zitakimbilia nchi zenye sheria legevu. Hata hivyo, zinahitaji wateja, na wateja wako hapa pia. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya idai cheti cha dhamana kabla ya kumpa yeyote leseni ya kuuza intaneti ya setilaiti nchini.