Uliza Imetoka Wapi

Tafsiri ya kwanza ya Qurani nzima kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1923, na mfasiri wake alikuwa kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA huko Unguja. Mwaka 1953 Waahmadiya wakatoa ya kwao Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka 1969 ikatoka ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye hakuficha kwamba alitaka pia kuwajibu hao wawili waliomtangulia. Mwaka 1995 Sheikh Ali Muhsin al-Barwani naye akatoa ya kwake. Sasa mtu anapokea aya kwenye simu, Kiswahili chake kimenyooka, na chini pameandikwa jina la sura na namba ya aya, basi. Maneno hayo ya Kiswahili ni ya nani?

Mimi ni mkutubi, na wasomaji huniomba niwatajie mahali pa kuaminika mtandaoni: pa dini, pa mashairi, pa sanaa ya usanifu, na siku hizi zaidi na zaidi, pa afya ya akili. Mada zimeachana mbali, lakini kipimo ninachotumia ni kimoja. Napenda tovuti inayoniruhusu kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa aliyesema, aliyenakili na aliyechapisha. Tovuti isiyotaja chimbuko hainifai hata ikiwa na picha za kuvutia na wafuasi milioni.

Kwa Qurani napeleka watu Tanzil. Mradi huo ulianza mwaka 2007 kwa lengo moja: kuweka matini ya Kiarabu iliyohakikiwa herufi kwa herufi, kwa sababu nakala nyingi zilizokuwa zikizunguka kwenye kompyuta zilikuwa na makosa ya uchapaji. Tafsiri zimewekwa kando, kila moja na jina la mwenyewe, na ya Kiswahili iliyopo ni ya al-Barwani. Kwa Biblia programu ya YouVersion inatosha, mradi msomaji aangalie juu ya ukurasa anasoma toleo gani. Union Version ya mwaka 1952 na Habari Njema ya miaka ya 1990 hazisemi kwa sauti moja, na hubiri lililojengwa juu ya neno moja la toleo moja linaweza kukosa mguu katika jingine.

Kwenye ushairi ndiko ninakokaa sana, maana huko ndiko wizi na uzembe vimezidi. Chukua shairi lolote linalosambazwa kwa jina la Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu wa Mji wa Kale kwa miongo kadhaa, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akimsaidia mmisionari William Taylor. Sikujua akafariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor ziliishia London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. William Hichens akazitumia kutoa diwani ya Muyaka iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mkubwa, kitabu ambacho hadi leo sijaona kilichokishinda kwa jambo hilo. Kwa hiyo shairi lililokufikia limepita kinywani, kwenye wino wa hati ya Kiarabu, kwenye herufi za Kirumi, kisha kwenye kidole cha mtu aliyelinakili akiwa ndani ya daladala.

Kila hatua ina hatari yake, na ya hati za Kiarabu ndiyo wengi wasiyoijua. Katika miswada ya zamani irabu *u* na *o* hubeba alama moja, na *i* na *e* vivyo hivyo. *Kuku* na *koko* huandikwa sawasawa. Herufi ya *b* mara nyingi husimama pia badala ya *p* na *mb*. Anayesoma lazima aijue lafudhi ya Mvita, ya Lamu au ya Pate, la sivyo atakisia. Hii ndiyo sababu naithamini sana orodha ya miswada ya Kiswahili ambayo SOAS imeiweka mtandaoni: inakwambia mwandishi, mnakili kama anajulikana, na mkusanyo ambamo karatasi ilitoka. Baadhi zina picha za kurasa zenyewe. Hata asiyesoma hati hiyo ataona maelezo yaliyobanwa pembeni mwa ukurasa, ataona mkono mmoja ulipoachia na mwingine ulipoanzia.

Wakati huna mswada mbele yako, shairi lenyewe hukupa pa kulishikia. Hesabu mizani. Shairi la kawaida la Muyaka lina mishororo minne kwa kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Ukikuta mshororo una 14, au kina cha kati kimekatika, kuna aliyepoteza neno au aliyelibadilisha ili lieleweke kwa watu wa leo. Huo ndio wakati wa kutafuta nakala nyingine. Jarida la Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, linasomwa bure na lina makala nyingi za watu waliofanya kazi hiyo ya kulinganisha nakala. Internet Archive nayo ina vitabu vya karne ya 19 kama hadithi za Edward Steere za mwaka 1870. Mavumbi tu ndiyo yanayokosekana.

Kuhusu usanifu nitasema machache. Wanafunzi wengi wa michoro hutafuta ruwaza kwenye mabaraza ya picha yasiyotaja mchoraji, ilhali kanga hubeba chimbuko lake kwenye pindo: zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, zina chapa yake iliyozoeleka kwa jina la Mali ya Abdulla. British Museum ina kanga katika orodha yake ya mtandaoni, zenye maelezo ya jina, mahali na tarehe. Angalia leseni kabla ya kupakua. Picha zao haziruhusu matumizi ya biashara, wakati Metropolitan Museum ya New York tangu Februari 2017 imeachia huru picha za kazi zake zisizo na hakimiliki. Mbunifu anayetaka kuuza fulana anahitaji kuijua tofauti hiyo mapema.

Afya ya akili nimeiweka mwisho kwa sababu hapa kukosea kunaumiza mtu. Mtandao umejaa majaribio ya dakika moja yanayokutangazia ugonjwa. Linalostahili kuaminiwa ni dodoso la PHQ-9, lililotangazwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, na ambalo yeyote anaweza kulitumia bila malipo wala kuomba ruhusa. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha katika mambo, uchovu. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Ikifika 10 na kuendelea, mtu aonane na mhudumu wa afya. Dodoso halitoi hukumu. Linasema tu kwamba kuna jambo la kuchunguzwa, sonona au jingine linalofanana nayo.

Kwa anayetaka kujisaidia, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kitabu cha michoro kuhusu kukabiliana na msongo wa mawazo, pamoja na sauti za mazoezi. Nakipenda kwa sababu kilikopitia kunajulikana: kozi ambayo kitabu hicho kilitokana nayo ilijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, na miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na dhiki pungufu kuliko wasiohudhuria. Zoezi la kwanza halihitaji chochote. Unakandamiza nyayo taratibu sakafuni, unapumua polepole, unakiri moyoni kwamba mawazo mazito yapo, kisha unarudisha macho na masikio kwenye kilicho mbele yako: sauti gani zinasikika, nani yuko hapa, ulikuwa unafanya nini.

Narudi kwenye lile dodoso kwa jambo moja. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Aliyejibu chochote zaidi ya 0 hapo asijali jumla imefika ngapi. Amwambie mtu aliye karibu naye leo hii, nao waende pamoja kituo cha afya. Wachukue na ile karatasi iliyojazwa, kwa sababu mhudumu akiyaona majibu tisa ana pa kuanzia hata kama mgonjwa, akishafika pale mezani, maneno yamemkauka.