Hesabu za Nukta Katika Kompyuta

Katika kata ya Likombe, iliyo katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, hakuna asiyeujua mkorosho. Msimu wa mavuno ukifika, magunia hupimwa, uzito huandikwa, na korosho huuzwa mnadani kwa mpango wa stakabadhi ghalani, ulioanza huko Mtwara mwaka 2007. Siku hizi hesabu nyingi za namna hii hufanywa na kompyuta. Mkulima hamwoni karani akijumlisha. Huona jawabu tu. Basi yafaa kila mwanafunzi ajue jinsi kompyuta inavyoandika hesabu zenye nukta, na mahali inapoweza kupotoka.

Watu wana njia mbili kubwa za kugawa kitu kizima. Njia ya kwanza ni kukata katikati, kisha katikati tena, na tena: nusu, robo, thumuni. Pishi ya nafaka ilikuwa vibaba 4, na rupia iliyotumika zamani katika nchi hii ilikuwa pesa 64. Nusu ya rupia ni pesa 32, robo ni 16, thumuni ni 8, na mwenye kuendelea kukata hufika pesa 1 bila kubakiza kitu. Lakini aliyetaka sehemu moja ya kumi ya rupia alipata pesa 6 na vipande juu yake, wala hawezi kulipwa sawasawa.

Njia ya pili ni kugawa kwa kumi. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani iliacha hesabu ya pesa 64, ikaigawa rupia kuwa Heller 100. Jina hilo ndilo lililozaa neno hela. Sasa sehemu ya kumi ikawa Heller 10 kamili, bali thumuni ikawa Heller 12 na nusu, na nusu ya thumuni ikawa Heller 6 na robo. Baadaye shilingi ya senti 100 ilishika mahali pa rupia, na Tanzania ilipotoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966, hesabu ya senti 100 haikubadilika. Kumbe kila namna ya kugawa ina sehemu inazozipata kamili, na nyingine isizoweza kuzipata.

Kompyuta hufuata njia ya kwanza. Ndani yake kila alama ina hali mbili tu, 0 au 1, kama taa iliyozimwa au iliyowashwa. Kwa hiyo vipande vyake ni nusu, robo, thumuni, na kuendelea. Gunia la kilo 80.5 laandikika kamili, maana 0.5 ni nusu. Lakini 0.1 haiandikiki kamili. Kompyuta huchukua 1/16 na 1/32, jumla yake 0.09375, huongeza 1/256 na 1/512, ikapata 0.099609375. Hukaribia daima wala haifiki. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayegawa 1 kwa 3: huandika 0.333, na tarakimu 3 hazina mwisho. Nafasi ya kuandikia ikijaa, hapana budi kukata. Ndiyo sababu katika programu nyingi 0.1 na 0.2 zikijumlishwa jawabu si 0.3, bali ni 0.30000000000000004.

Mtu atasema, kosa dogo namna hii lina madhara gani? Dogo likirudiwa mara nyingi huwa kubwa. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Wamarekani wa kuzuia makombora ulikuwa ukilinda mji wa Dhahran huko Saudia. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu iliandikwa pungufu kidogo sana. Mtambo ulikuwa umefanya kazi saa 100 hivi bila kuzimwa, na upungufu ulikuwa umefika theluthi ya sekunde. Kombora huenda mbali sana katika muda huo. Mtambo ulilitafuta mahali lisipokuwapo, na askari 28 wakafa.

Katika fedha hatari ni ya namna nyingine. Tuseme programu inataka kugeuza shilingi 4.35 kuwa senti. Huzidisha kwa 100, ikapata 434.99999999999994 badala ya 435. Ikiwa mtengenezaji wake ameiamuru itupe yote yaliyo baada ya nukta, zitabaki senti 434. Senti moja imepotea, wala hakuna mwizi. Programu ikifanya hivyo kwa hesabu za watu maelfu, daftari halitalingana na fedha, na watu watashukiana bure.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuacha nukta kabisa na kuhesabu kwa kipimo kidogo: fedha ziandikwe kwa senti, na uzito kwa gramu. Kilo 80.3 huwa gramu 80,300, nayo ni hesabu nzima isiyopungua. Ya pili ni kutumia namna ya kuandika hesabu kwa makumi, tarakimu kwa tarakimu, kama afanyavyo mwanafunzi ubaoni. Namna hii ni ya polepole zaidi, lakini 0.1 hubaki 0.1.

Iko shida nyingine, nayo hutokea kompyuta moja inapopeleka hesabu kwa nyingine. Tanzania hufuata desturi ya Waingereza: nukta hutenga vipande, na mkato hutenga maelfu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji, hufuatwa desturi ya Wareno, ambayo mkato ndio unaotenga vipande. Basi andiko la kilo 2,450 likisomwa Likombe ni kilo elfu mbili mia nne na hamsini, shehena ya lori; likisomwa Palma ni kilo mbili na karibu nusu, mzigo wa mtoto. Hata Kiswahili chenyewe hakina desturi moja: katika Kongo, iliyotawaliwa na Wabelgiji, mkato hutenga vipande vilevile.

Kwa hiyo watengenezaji wazuri wa programu hushika kanuni hii. Hesabu ikiwa njiani kati ya kompyuta na kompyuta, huandikwa kwa namna moja tu iliyokubaliwa, bila alama ya maelfu. Ifikapo mbele ya macho ya msomaji, ndipo hugeuzwa ifuate desturi ya nchi yake. Tena andiko lisiloeleweka halikisiwi. Hukataliwa, na aliyelipeleka huulizwa.

Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe. Akate 1 katikati mara nne, aandike kila jawabu kwa nukta. Kisha atafute 1/5 kwa kujumlisha vipande hivyo tu, bila kuzidisha wala kupunguza. Ataona upesi kwa nini mashine yenye mbio kuliko karani yeyote yahitaji mtu mwangalifu wa kuiamuru.