Fimbo Hupiga Tendo la Mwisho

Mtoto wa Ntoto, mashariki mwa Kongo, kule Masisi na Walikale zinakopakana, anatumwa sokoni kununua chumvi. Njiani pesa zinaanguka. Anarudi nyumbani na kusema kweli: "Mama, feza imepotea." Anachapwa. Mama anaamini ameadhibu uzembe. Lakini uzembe ulipita zamani. Tendo lililokaribiana na fimbo ni kusema kweli. Siku nyingine mtoto huyo atadanganya.

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha kwa paka aliowafungia masandukuni kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa. Mmarekani mwenzake, B. F. Skinner, aliiendeleza kazi hiyo: tuzo hujenga tendo, ilhali adhabu mara nyingi hulisimamisha kwa muda tu, bila kufundisha lipi lifanywe badala yake.

Mfano wa karibu uko Morogoro, Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Somo huanza na mlio mdogo, kisha kipande cha ndizi. Mlio, ndizi, mlio, ndizi, hadi panya aelewe kuwa mlio ni ahadi. Ndipo analetewa harufu ya kilipuzi. Pua yake ikitulia juu ya harufu hiyo, mlio unasikika papo hapo. Akikosea hapigwi, anakosa ndizi tu. Panya mwenye hofu hanusi. Hutafuta pa kujificha. Baada ya takriban miezi tisa anaweza kuhitimu. Mmoja wao, Magawa, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Siri ya mlio ule ni wakati: unaligusa tendo lenyewe, si lililopita. Jiko la makaa nalo hufundisha hivyo, kwa sababu huunguza palepale na kila mara. Fimbo ya jioni kwa kosa la asubuhi haina uwezo huo.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuambia kweli, mshukuru kwanza. Kisha rudini pamoja njiani mkatafute pesa, na umwonyeshe namna ya kuzifunga kwenye pindo la nguo. Kesho mtume tena, na akirudi na chumvi, msifu kabla hajaiweka chini.