Fallout: seri ya bomu, na jiwe letu la Shinkolobwe

Sehemu ya kwanza inaanza na sikukuu ya mtoto. Tuko Los Angeles, kwenye nyumba ya matajiri, na baba mmoja aliyevaa kama cowboy anapigwa picha pamoja na watoto. Televisheni inazungumzia vita lakini watu wazima hawataki kusikia. Binti yake anamuuliza habari ya kidole gumba, na yeye anamweleza kile alifundishwa jeshini: ukiona wingu la bomu kule mbali, nyoosha mkono, inua kidole. Kama wingu ni dogo kuliko kidole, kimbia. Kama ni kubwa, usijisumbue. Dakika chache kisha, wingu linasimama juu ya muji.

Hapo nilisimamisha filme kidogo. Juu kwetu sisi wa Haut-Katanga, ile wingu haiko hadithi ya watu wengine tu.

Seri yenyewe inaitwa Fallout. Ilitoka kwenye Prime Video mwezi wa Aprili 2024, sehemu 8 kwa mara moja, na huku kwetu inazunguka toka simu moja hadi ingine, sawa vile filme zote zinafanya. Imetoka kwenye mchezo wa video wa jina hilohilo, ambao wa kwanza ulitokea mwaka 1997. Hapa Lubumbashi wengi hawajaucheza. Kwenye salle za jeu vijana wanashindana zaidi kwa mpira, na Fallout inaomba ordinateur, saa mingi, na courant isiyokatika. Haina shida. Seri inaleta hadithi yake mpya ndani ya dunia ya mchezo, na mtu ambaye hajashika manette hata siku moja anaielewa.

Ni hivi. Mwaka 2077 Marekani na China zinapigana kwa bomu za nyuklia. Kabla ya vita, kampuni moja, Vault-Tec, ilikuwa inauzia watu nafasi ndani ya mashimo makubwa chini ya ardhi. Miaka 219 kisha, binti Lucy (Ella Purnell) anaishi katika shimo namba 33 na wazao wa wale walionunua. Ni watu wapole, wanaimba, wanalima mahindi chini ya taa. Siku ya arusi yake wanaingia wauaji, wanamchukua baba yake, naye anapanda juu kumtafuta. Kule anakutana na Maximus, kijana wa kikundi cha waaskari wenye silaha nzito, na yule cowboy wa mwanzo (Walton Goggins), ambaye bado anaishi lakini hana pua tena, na ngozi yote imeungua.

Goggins njo anabeba seri. Kila mara anatokea unasahau wengine. Maximus naye, kwangu, anachelewa kuwa mtu kamili. Sehemu mbili za kwanza humjui anataka nini. Na damu iko mingi sana, wakati mwingine kwa kuchekesha. Wazazi, hii haiko ya watoto wadogo. Kitu kilichonipendeza ni nyimbo za zamani na matangazo ya miaka ya 1950, wakati Wazungu waliamini nguvu ya atomu italeta raha tupu. Roho hiyohiyo njo ilijenga Atomium kule Bruxelles mwaka 1958.

Na ile roho ilikula wapi? Kwetu. Shinkolobwe iko karibu na Likasi, kilomita kama 20. Jiwe la pale, nafasi zingine, lilikuwa na oksidi ya urani hadi 65 kwa mia, wakati mawe ya Canada na Marekani mara mingi hayakufika hata 1 kwa mia. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma karibu tani 1 200 New York, zikakaa ndani ya depo ya Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Sehemu kubwa ya urani ya kazi iliyozaa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika ardhi hii. Wenye kuchimba walikuwa baba zetu na babu zetu, na hawakuambiwa ni jiwe la nini.

Sasa, kijana mmoja tuliyeangalia naye, ambaye mukubwa wake anachimba upande wa Likasi, aliniuliza: "Yaya, ile dawa iko pharmacie gani?" Juu katika mchezo kuko dawa, RadAway. Unajitia kwenye mshipa, mionzi inatoka mwilini, unaendelea na safari. Hakuna dawa ya vile. Kuko dawa chache, kila moja inasaidia kwa aina moja tu ya sumu, na zinatolewa na daktari. Mashine ya Lucy inayolia trrr trrr, hiyo ni ya kweli, lakini mchimbaji wa mikono hana. Mionzi haina harufu, haina rangi, na haimfanyi mtu aishi miaka 200.

Kuko kitu kingine seri inageuza kabisa. Sumu inayoanguka kisha bomu inapungua. Sesiamu 137, moja ya zile zinazodumu, inabakia nusu kila miaka 30. Kisha miaka 219, zaidi ya 99 kwa mia imekwisha. Hiroshima leo ina wakaaji zaidi ya milioni 1. Lakini urani ya ndani ya jiwe inahitaji miaka miliari 4,5 ili ibakie nusu. Ina maana ile Los Angeles ya seri ingekuwa imeanza kupona, wakati mawe ya Shinkolobwe yako vilevile.

Hatari yake haiko ya kulipuka. Jiwe peke yake halilipuki. Mionzi yake mingi inazuiwa na ngozi, ila vumbi ukilivuta linafika kwenye mapafu, ukilimeza linaharibu figo, na ndani ya shimo kuko gesi ya radoni ambayo huioni. Ugonjwa unaweza kuja miaka mingi kisha, njo maana watu wanadhani hakuna kitu. Mwaka 2004 serkali ilifunga Shinkolobwe, na Julai ya mwaka huo shimo liliporomoka likaua watu. Walikuwa wamefuata kobalti. Huko, kobalti na urani vinaweza kukaa ndani ya jiwe moja.

Kwa hiyo yule kijana nilimjibu hivi, amfikishie mukubwa wake: rangi haisemi ukweli, juu malachite ni kijani na mawe mengine ya urani ni kijani pia. Usilale na mifuko ya mawe ndani ya nyumba. Usisage jiwe mahali watoto wanakulia. Nguo za shimoni zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.