Shamba Lako Lina Kazi Gani?

Ndugu mkulima, simama kwenye mpaka wa shamba lako utazame. Udongo ni ule ule wa zamani, lakini kazi yake imebadilika mara nyingi. Yafaa uijue habari hiyo, kwa sababu kazi inayofuata utaichagua wewe.

Tuchukue mfano wa Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua. Zamani nchi hiyo ilikuwa majani, na Wamasai walichunga ng'ombe wao humo. Baada ya mapatano ya 1904 wakahamishwa, na Wazungu wakapewa ardhi. Hao walifuga kondoo na ng'ombe wa maziwa, wakalima ngano na baadaye pareto. Mwaka 1962 ukaanza Mpango wa Ekari Milioni Moja, uliowapatia mashamba jamaa yapata 35,000 katika nyanda za juu za Kenya. Kinangop nayo ikagawanywa. Kila shamba lilikadiriwa litoe mambo matatu: chakula cha jamaa, fedha za kulipa mkopo, na fedha za matumizi ya nyumbani. Baadaye biashara ya pareto ikaanguka, na wengi wakageukia viazi na kabichi.

Angalia jambo moja. Penye ngano pakapandwa pareto, penye pareto pakapandwa viazi, na aliyetaka aliweza kurudisha majani. Lakini liko badiliko moja ambalo ni vigumu sana kulirudisha nyuma, nalo ni shamba kugeuka kiwanja.

Tufanye hesabu. Baba ana ekari 15 na watoto wanne. Akiwagawia sawasawa, kila mmoja atapata ekari 3 na robo tatu. Kila mmoja wao akiwa na watoto watatu, mjukuu atapata ekari 1 na robo. Toa nyumba, zizi, choo na njia. Kinachobaki hakitoshi malisho ya ng'ombe na viazi pamoja. Tena mahali padogo hapana nafasi ya kubadilisha mazao. Viazi hufuata viazi kila msimu, na ugonjwa wa mnyauko hukaa udongoni. Dawa yake ni kupumzisha udongo na viazi kwa misimu mitatu au zaidi, ukipanda nafaka au majani. Mwenye ekari moja atapumzisha nini?

Shamba lina kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kushika maji. Bwawa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi, liko huko huko Kinangop. Mteremko ukiwa mtupu, mvua huosha udongo mpaka mtoni, pamoja na mbolea uliyoinunua kwa fedha yako.

Basi, ufanye nini?

Kwanza, usigawe kwa haraka. Sheria ya 1967 ya kusimamia ardhi ya kilimo yataka upate kibali cha Bodi ya Ardhi kabla ya kugawanya. Bodi hutazama kama mgawanyo utapunguza mazao. Jiulize swali hilo wewe mwenyewe kwanza.

Pili, waite watoto wote, wa kiume na wa kike, ungali na nguvu. Mnaweza kugawana mapato na kuacha shamba zima: mmoja asimamie ng'ombe, mwingine viazi, mwingine soko, na aliye mjini apate fungu lake. Mapatano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi.

Tatu, jengeni nyumba zote upande mmoja, karibu na barabara. Nyumba zikitawanyika kila pembe, hata trekta haina pa kugeukia.

Nne, acha ukanda wa majani kukata mteremko. Utashika udongo, na ng'ombe watakula.

Wazee waliochukua mikopo ile walilipa deni la shamba, wala si la kiwanja. Kabla hujamwita mpimaji, uliza: mjukuu wangu atakula nini hapa?