Mtoto Ambaye Hakuzaliwa Yuko Wapi?

Wengi wetu tulilelewa katika makanisa ya Waafrika Mashariki hapa London. Huko tulifundishwa mapema kwamba kutoa mimba ni dhambi. Lakini kuna swali ambalo mama zetu na shangazi zetu huliulizana kwa sauti ya chini, hasa wale ambao mimba zao ziliharibika zenyewe: yule mtoto amekwenda wapi?

Tuanze na lugha, maana sisi ni chama cha Kiswahili. "Mimba" iko katika ngeli ya I-ZI: mimba imetoka, mimba imetolewa. "Mtoto" yuko katika A-WA: mtoto amefariki. Mara nyingi anayechagua neno amekwisha kuchagua upande. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha inakataza kutoa mimba, ila mtaalamu wa afya akiona panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Maaskofu Wakatoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) waliipinga rasimu hiyo, ruhusa hiyo ikiwa mojawapo ya sababu zao. Wapigakura waliipitisha tarehe 4 Agosti 2010.

Kuhusu sheria, viongozi hao walisimama pamoja. Kuhusu wokovu wa mtoto, Wakristo hawajawahi kuwa na jibu moja.

Agostino wa Hippo, katika karne ya 5, alifundisha kwamba mtoto asiyebatizwa hawezi kuingia mbinguni, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa baadaye, akiwemo Thomas Aquinas, walilegeza: mtoto yuko limbo, mahali pasipo mateso, lakini hamwoni Mungu. Limbo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilieleza kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Ilisema tumaini, haikusema hakika.

Waprotestanti nao wana historia yao, na sehemu yake iliandikwa hapahapa London. Ungamo la Westminster la mwaka 1646 linasema watoto wateule wanaokufa wachanga huokolewa na Kristo, bila kutaja wateule ni akina nani. Wamishenari wa Kiskoti walikuja Kenya na urithi huo. Wapentekoste na Wabaptisti, ambao hawabatizi wachanga, kwa kawaida husema mtoto hajafikia umri wa kuwajibika, na hutaja kisa cha Daudi na mwanawe aliyefariki katika 2 Samweli 12. Ila mtoto yule alikuwa amezaliwa.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mtoto anaokolewa, kosa la kutoa mimba liko wapi? Makanisa hujibu kwamba tumaini kwa aliyekufa si ruhusa ya kuua. Mtu mzima akiuawa, hatusemi muuaji hana hatia kwa kuwa marehemu alikuwa mcha Mungu.

Jibu hilo lina upande wa pili, na huo ndio tunaotaka usikike. Katika hoja zote hizi, hatima ya mtoto haitegemei mimba ilitokaje. Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995, aliwaambia wanawake waliotoa mimba wasikate tamaa, na kwamba wanaweza kumkabidhi mtoto wao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2016 Papa Francis aliwapa mapadri wote mamlaka ya kudumu ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu.

Kwa hiyo mama ambaye mimba yake ilitoka na mama aliyeitoa wakikaa benchi moja kanisani, mahubiri kuhusu tendo yatawatenganisha. Kuhusu mtoto, wote wawili wanastahili kusikia neno lilelile, tena kwa sauti ya kawaida.